Ofisi ya kushea pale Mirema: kama unafanyia kazi kwa bedsita, soma hii kabla ulipe

Wacha nianze na bei ju najua ndio mnatafuta. Siku ni shilingi 500, wiki 2,000, mwezi 8,000, na ukilipia mwezi unapewa kabati yako yenye kufuli na masaa kadhaa ya vile vibanda vya kupigia simu. Iko Mirema hapa Nairobi, ghorofa ya tatu juu ya duka la hadwea, unatembea tu kutoka steji ya Roysambu. Jina naliacha kwa sababu kuna mahali nitawalalamikia na bado naingia hapo karibu kila siku, lakini wenye mnaishi hizi sehemu mshajua ni gani. Maoni yangu ni kwamba inafaa, tena inafaa sana, lakini si kwa kila mtu, na wenye wanafaa kulipa hiyo 8,000 ni makampuni yetu, si sisi. Nitafika hapo.

Kwanza mjue kazi yangu ndio mpime kama maneno yangu yanawahusu. Mimi nashughulikia madai ya bima ya afya. Hospitali inatuma bili, naangalia mgonjwa kama ako kwa kava, dawa kama zinaendana na ugonjwa, bei kama ni ile walikubaliana na kampuni, halafu napitisha ama narudisha na maelezo. Ni kazi ya kusoma na kulinganisha, na ukikatizwa katikati ya bili ya ICU yenye kurasa na kurasa, hurudi pale uliachia, unarudi juu kabisa. Kila jioni sistimu inahesabu umefunga madai mangapi na mangapi yamerudishwa yakiwa na makosa, kwa hivyo hapa siongei kuhusu vile najihisi, naongea kuhusu namba zenye supavaiza wangu pia anaziona.

Tulipelekwa nyumbani Machi 2020. Kesi ya kwanza ya corona ilitangazwa tarehe 13, kabla mwezi uishe kafyu ikawa imeanza, na sisi tukabeba laptopu kwa mifuko ya karatasi tukidhani ni ya wiki mbili. Kafyu ikaja kuondolewa Oktoba 2021 lakini kampuni ikawa imeshaonja utamu, wakaachilia moja ya zile floo mbili za ofisi yetu Upper Hill, na mpaka leo tunaenda ofisini Jumanne peke yake.

Na mimi nilifurahi, nisidanganye mtu. Mwenye ameishi Zimma, yaani Zimmerman, akifanya kazi Upper Hill anajua. Unatoka kwa nyumba saa kumi na mbili kasorobo, unangoja matatu ijae, Thika Road inatembea vizuri mpaka inafika mahali inakataa, unashuka tao, unapanda ingine ama unakata kwa miguu mpaka Community, unafika kazini ushachoka na hujafungua hata faili moja. Jioni ni hivyo hivyo na mvua ikinyesha usiulize. Kwa hivyo hesabu ya kila mtu ilikuwa rahisi, toa hayo masaa ya barabara, weka kwa kazi, watu watafanya zaidi. Mabosi waliamini hivyo, na sisi pia.

Lakini hiyo hesabu inadhani huko nyumbani kuna mahali pa kukaa, na bedsita ni chumba kimoja tu. Ploti yetu iko na nyumba nane kila floo. Chini kuna fundi wa kuchomelea mageti, hiyo grainda yake inaanza saa mbili unusu asubuhi na ikianza hata kama umefunga dirisha meno yanauma. Mtu wa floo yetu akiwasha hita ya kuoga na mwingine yuko na koili ya kupika, swichi kubwa ya pale kwa ngazi inaruka, floo nzima giza, keyateka hashiki simu, na wewe uko katikati ya mkutano wa Zoom. Na kuna hii ya watu, yenye ni ngumu zaidi ju ni watu unawapenda. Mama Shiko wa mlango wa pili ni mtu mzuri sana, amenisaidia mengi, lakini kwake kuwa nyumbani ni kuwa nyumbani. "Aki nishikie huyu mtoto kidogo nifike posho mill, si uko tu." Utamwambia nini? Mtu wa gesi akija anaachiwa maagizo kwangu, mtu wa maji akija napokea mimi, na hata ndugu zangu wa ushago walikuwa wananipigia saa tano mchana kupiga stori ndefu kwa sababu walisikia siku hizi siendi kazini.

Kitanda ndio kilikuwa dawati langu na hapo sitasema mengi, mgongo wangu ndio ulisema.

Sasa, kuna utafiti mmoja wenye kila mtu huutaja tukianza kubishana kama kufanyia kazi nyumbani kunaongeza ama kunapunguza. Ni ule wa Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake, kwa kampuni ya usafiri ya Ctrip huko Shanghai. Kuanzia mwisho wa 2010 walichukua wafanyakazi wa kupokea simu wenye walijitolea, wakawagawa kwa kuangalia tarehe ya kuzaliwa, kundi moja likafanyia kazi nyumbani siku nne kwa wiki, lingine likabaki ofisini, kwa miezi tisa. Wale wa nyumbani wakapanda asilimia 13. Watu wengi husoma mpaka hapo wakafunga wakaanza kupiga makofi. Lakini hiyo 13 ukiipasua, 9 ilikuwa kwa sababu walikaa kwa kazi dakika nyingi zaidi, mapumziko mafupi, ruhusa za ugonjwa chache, na 4 ndio ilikuwa ya kushika simu nyingi zaidi kwa kila dakika, yenye watafiti walisema ilitokana na utulivu. Na ili uruhusiwe kuingia kwa huo utafiti ilibidi uwe na chumba chako mwenyewe cha kufanyia kazi, na intaneti ya uhakika. Chumba chako! Yaani mimi na nusu ya watu wa Zimma na Githurai tungeachwa kwa mlango kabla hata waangalie tarehe zetu za kuzaliwa.

Halafu uweke kando ya ule mwingine wa India, wa David Atkin, Antoinette Schoar na Sumit Shinde. Hao walienda Chennai, wakaajiri watu wa kuingiza data kwa kompyuta, kazi inafanana na yangu kuliko hata ile ya simu, wakawagawa kwa bahati nasibu wengine nyumbani wengine ofisini. Wa nyumbani walishuka kwa asilimia 18, na sehemu kubwa ya huo mshuko ilionekana kutoka siku ya kwanza kabisa. Na kitu yenye ilinikaa kichwani ni kwamba wale walikuwa wanataka sana kukaa nyumbani ndio walishuka zaidi. Mimi hiyo hainishangazi hata kidogo. Nani hutaka sana kukaa nyumbani? Ni mwenye ana mtoto mdogo, ana mzazi mgonjwa, ana majukumu yenye hayangoji jioni. Wanamhitaji pale pale, na kazi inafanywa katikati ya hayo.

Kwa hivyo mtu akiniuliza eti kufanyia kazi nyumbani kunaongeza kazi ama la, mimi namuuliza nyumba gani. Kuna bosi wangu mmoja anaishi Runda, ana chumba cha kusomea, ana jenereta, ana mtu wa kumfungulia geti. Yeye akisema nyumbani anafanya zaidi namwamini kabisa. Mimi nilihitaji mlango wa kufunga, stima yenye haipotei na intaneti, na hivyo ndio nilienda kununua Mirema.

Sasa hiyo ofisi yenyewe. Stima ndio kitu wamefanya vizuri kuliko vyote na nataka wapewe heshima yao. Wako na inveta na betri kwa kachumba kadogo nyuma ya kaunta, na rauta imewekwa kwa kifaa chake kingine cha kushika stima kando. Siku ya kwanza stima ilipotea saa nane mchana, nikasikia ile tii ya inveta, taa moja ya juu ikapepesa, na nikaangalia kona ya skrini yangu nikingoja waifai ikufe kama kawaida. Haikukufa. Mtu aliyekuwa kwa simu hakurudia hata neno moja. Hapo ndipo niliamua kulipa mwezi, ju mahali kwingi wanakwambia wako na bakapu lakini rauta inazima na kuwaka upya, na hizo dakika nne tano za rauta kuamka ndizo zinakutupa nje ya sistimu ya kampuni, unaingiza nambari za siri upya, dai lenye ulikuwa umelifungua linabaki limefungwa kwa jina lako mpaka mtu wa aiti alifungue. Ukienda kukagua mahali kama hapa usiulize kama kuna bakapu. Waambie wazime swichi kubwa ukiwa hapo.

Betri zinashika kama masaa manne na hawana jenereta, na hii mjue. Wenye mnakumbuka ile Ijumaa usiku ya tarehe 25 Agosti 2023, nchi yote ikawa giza mpaka uwanja wa ndege wa JKIA, na kabla huo mwaka uishe ikatokea tena mara mbili. Siku kama hiyo hapa patafungwa tu. Na intaneti wako na laini mbili za faiba za makampuni tofauti, moja ikianguka ingine inashika yenyewe, lakini hiyo pia inasaidia tu kama shida iko hapa mtaani. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini na intaneti ya Kenya yote ikawa inatambaa, na ukiwa na laini mbili zenye zote zinapitia huko huko baharini, hapo unangoja tu na wengine.

Viti. Kuna viti vizuri kama kumi na mbili hivi, vya mgongo wa wavu na vya kupandisha na kushusha, na vingine vyote ni vya plastiki vya harusi vimewekewa mto. Hii si haki kwa bei hiyo moja. Mwenye anafika saa mbili asubuhi na mwenye anafika saa nne wanalipa sawa, lakini mmoja atatoka na mgongo mzima na mwingine hapana. Soketi za meza ndefu ya katikati pia zimelegea, chaja inaingia halafu inaning'inia, ukisogeza laptopu kidogo inatoka, unaweza kufanya saa nzima ukidhani unachaji. Zile za ukutani ni nzuri.

Vibanda vya simu nilikuwa nimevitarajia sana. Ni vinne, vimetengenezwa na plaiwudi na ndani wameweka ile sponji ya matuta matuta, kuna kakiti, kameza, taa na feni ndogo juu. Sauti ya nje inapungua, ndio, lakini haizuiliki, na ukiwa ndani unamsikia wa kibanda cha pili akiongea na mteja wake kama mko matatu moja. Feni ukiwasha inasikika kwa maiki, ukizima baada ya muda mfupi jasho inaanza. Kwa simu ya haraka ni sawa. Kwa mkutano wa saa nzima ningeomba waweke hata kachumba kamoja ka kuta za mawe.

Na hapa niongee kitu yenye wengi hawafikirii. Madai yangu yana majina ya watu na magonjwa yao. Kuna sheria ya ulinzi wa data hapa Kenya tangu 2019 na habari za afya ziko kwa lile kundi linalolindwa zaidi, kwa hivyo siwezi kukaa mahali mtu anapita nyuma yangu akisoma kwamba fulani anatibiwa nini. Nilichagua kiti cha kona, mgongo kwa ukuta, na nikienda chooni nafunga skrini hata kama ni dakika moja. Wenye ofisi hawajafikiria hilo jambo. Printa ni moja, iko kaunta, na siku moja nimeenda kuchukua karatasi yangu nikapata chini yake peislip ya mtu, mshahara, makato, kila kitu, imekaa hapo tangu asubuhi. Nikampatia yule dada wa mapokezi akaiweka kwa droo. Ni msichana mpole na anajitahidi, shida si yeye, shida ni mwenye mahali hajaweka namba ya siri kwa printa, kitu ya kufanya kwa dakika tano. Nimemwambia, akasema ataangalia. Bado anaangalia.

Chakula nipite haraka. Chai ya maziwa ni ya bure saa nne na saa kumi, ni nzuri, haina maji mengi. Kuna maji ya kunywa. Chakula cha mchana ushuke chini kwa kibanda, chapo madondo ama githeri, urudi.

Sasa swali lenyewe, kazi iliongezeka? Iliongezeka. Madai ninayofunga kwa siku yalipanda kama robo hivi ukilinganisha na nikiwa kwa kitanda, na yakabaki hapo juu, haikuwa moto wa wiki ya kwanza. Lakini kitu ilinifurahisha zaidi ni yale yanayorudishwa, hayo yalishuka sana. Supavaiza wangu aliniuliza siku moja kwa simu, "Madam, umepata nini siku hizi?" Nikamwambia nimepata kiti, na mlango wenye hakuna mtu anabisha. Akacheka lakini mimi sikuwa nacheka. Ni mtu yule yule, laptopu ile ile, mshahara ule ule.

Na masaa yalipungua. Hii ndio sehemu ningetaka mabosi wasome mara mbili. Nikiwa nyumbani nilikuwa najibu ujumbe wa kazi saa tatu usiku nikiwa napika, kwa sababu mchana ulikuwa umekatwakatwa na lazima niufidie. Kuna utafiti mwingine, wa Michael Gibbs na wenzake, waliangalia wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni ya teknolojia ya Asia walipopelekwa nyumbani wakati wa corona, wakakuta watu wanafanya kazi masaa mengi zaidi na kazi yenyewe haikuongezeka, mikutano ndio iliongezeka, na wenye wana watoto nyumbani walishuka zaidi ya wengine. Mimi nilisoma hiyo nikajiona. Mwaka wa 2022 Seneta Samson Cherargei alileta mswada wa kuzuia waajiri kusumbua watu baada ya masaa ya kazi, watu wengi wakauchukulia kama mzaha, mimi nilikuwa nauunga mkono na bado nauunga. Siku hizi saa kumi na moja na nusu nafunga laptopu, naiweka kwa kabati, natembea nyumbani mikono mitupu. Ujumbe ukija usiku sina cha kufungulia.

Tena kuna watu. Hapo kwa meza ndefu kuna kijana ananukuu rekodi za Wamarekani, yaani anasikiliza sauti akiandika, kuna mama mmoja mhasibu mwenye wateja wa biashara ndogo ndogo, na kuna mwalimu anafundisha Kiswahili wazungu kwa video. Hatufanyi kazi moja lakini mtu akikosa kuja siku mbili anaulizwa. Wale wa Ctrip, baada ya utafiti kuisha wakaambiwa wachague, karibu nusu ya waliokuwa nyumbani waliomba kurudi ofisini, na sababu kubwa ilikuwa upweke. Walikuwa na chumba na intaneti na bado walirudi. Mimi nilikuwa sijui kama nimekuwa mpweke mpaka nilipoanza kusalimiwa asubuhi. Angalizo tu, wiki ya mwisho ya Juni msiende mkitarajia nafasi, ju ritani za kodi za KRA mwisho ni tarehe 30 na yule mama mhasibu anakuja na wateja wake wote na foleni inafika kwa ngazi.

Sasa malalamiko yangu makubwa. Wanafunga saa mbili usiku. Kwa mtu kama mimi ni sawa. Lakini angalia nani anaishi huku Roysambu, Zimma, Kasarani. Nusu ya vijana wenye wanafanya kazi za mtandaoni wateja wao wako Marekani, na saa tatu asubuhi ya New York hapa ni saa kumi jioni, na huko wakifika kipindi cha baridi inakuwa saa kumi na moja. Yule kijana wa kunukuu anaanza kazi jioni wateja wake wakiamka, saa mbili inafika anaambiwa pakia. Anarudi kumalizia kwa nyumba yenye anashea na wenzake watatu. Analipa 8,000 kama mimi na anapata nusu ya siku. Ameshawaomba hata wafungue tu na soja mmoja na taa chache, wakasema ni usalama. Usalama ni kweli, ile barabara ya ndani usiku si nzuri, lakini basi wamuwekee bei ya nusu siku. Hawana bei ya nusu siku.

Jumapili wamefunga pia, na Jumamosi wanafungua saa tatu lakini mwenye funguo hufika akitaka.

Na sasa ile ya nani alipe. Kampuni yangu inatupatia 2,000 kwa mwezi ya intaneti na wanaona wametufanyia wema. Mimi nimetoa 8,000 kwa mshahara wangu kununua mahali pa kufanyia kazi yao. Kwa ule utafiti wa Ctrip kampuni ilipiga hesabu ikaona inaokoa karibu dola 2,000 kwa mwaka kwa kila mtu aliyekaa nyumbani, na kubwa yake ni kodi ya ofisi. Kodi ya Upper Hill haikupotea hewani, ilishuka kwa kitanda changu, kwa tokeni zangu za stima, kwa Mama Shiko anayenyamazisha mtoto ju mimi niko kwa mkutano. Sisemi turudishwe sote Upper Hill. Hiyo Jumanne moja naipenda, nakutana na watu, mambo ya barua pepe ishirini yanaisha kwa dakika tano, na hata Ctrip hao hao, sasa wanaitwa Trip.com, walijaribu watu 1,612 wakae nyumbani siku mbili kwa wiki, matokeo yakachapishwa 2024, kazi haikushuka na wanaoacha kazi walipungua kwa theluthi moja. Kuchanganya kunafanya kazi. Lakini ukiondoa dawati la mtu ofisini, mlipie dawati lingine karibu na kwake. Ofisi za kushea za Westlands na Kilimani zimejaa watu wa makampuni yenye yanalipa, huku kwetu kila mtu niliyemuuliza anajilipia mwenyewe, na wengi wanakuja tu wiki yenye mshahara umeingia. Hiyo wiki ndio kazi yao inakuwa nzuri, halafu wanarudi kwa kitanda.

Nimemwandikia mtu wa rasilimali watu na zile namba zangu za kabla na baada, za madai yaliyofungwa na yaliyorudishwa, nikamwomba wabadilishe ile 2,000 ya intaneti iwe 8,000 kwa mwenye ataleta risiti ya mahali kama hapa. Hajajibu. Wenzangu wawili wa Umoja na mmoja wa Rongai wameandika pia, na kama wewe unafanyia kampuni kama yetu andika, weka namba, usiandike eti nyumbani kuna kelele, kelele hawaisikii, namba wanazisikia.

Mkienda fikeni kabla ya saa mbili na nusu mpate kiti cha wavu, kaeni upande wa ukuta mbali na meza ya katikati, bebeni hedifoni na ekstenshoni yenu, na kama unashika data za watu usiprinti chochote hapo. Lipia siku moja kwanza kabla ya mwezi, hawarudishi pesa. Mimi nawapa nne kwa tano, moja nimeitoa kwa printa na masaa ya usiku, na wakianza kufungua mpaka saa tano usiku nitarudi hapa nibadilishe.